Mwizi Aliyetaka Herufi Tatu

Paukwa! Nimesikia mlivyoitika. Basi sogeeni karibu, wanangu, ila leo ule wito wa "uongo njoo" tutauweka kando. Kisa hiki ni cha kweli tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyefikwa nacho alikiandika mwenyewe kwa jina lake, hatua kwa hatua, ili wengine wajihadhari. Utamu tu ndio nauomba ukolee.

Palikuwa na mwandishi wa habari aitwaye Mat Honan, mkazi wa San Francisco, Marekani. Aliandika habari za teknolojia katika jarida la Wired, kwa hiyo hakuwa mtu wa kubabaishwa na kompyuta. Ijumaa ya tarehe 3 Agosti 2012, inakaribia saa 11 jioni, alikuwa nyumbani akicheza na binti yake mdogo, mara simu yake ikazimika. Akadhani imeishiwa chaji. Akaichomeka kwenye umeme, ikawaka ikiwa tupu, haina jina wala picha, inamtaka aanze kuiandaa upya. Akajaribu kurudisha vitu vyake kutoka kwenye hifadhi ya iCloud, nenosiri likakataliwa. Akafungua kompyuta yake mpakato, nayo ikamwambia kwamba taarifa za akaunti yake ya Gmail si sahihi. Kisha kioo kikageuka kijivu, kikamdai namba ya siri ya tarakimu nne. Honan hakuwahi kuweka namba ya tarakimu nne.

Najua mnachotaka kuniuliza: nenosiri lake lilikuwa 123456? Hapana. La Apple lilikuwa na herufi na tarakimu 7, la Twitter 10, la Gmail 19. Hakuna hata moja lililokisiwa. Walioingia hawakulijua nenosiri lake lolote, na hawakuhitaji kulijua. Ndiyo maana kati ya visa vyote vya aina hii ninavyovifahamu, hiki ndicho ninachowasimulia vijana kwanza, na ndiyo maana nawaomba mkifuate polepole.

Kilichotakiwa kilikuwa jina. Kwenye Twitter Honan alitumia jina la herufi tatu, @mat, na majina mafupi namna hiyo ni adimu. Kijana mmoja aliyejiita Phobia, ambaye baadaye alimwambia Honan kuwa ana miaka 19, alilitamani, yeye na mwenzake. Hawakuwa na ugomvi naye. Hawakuwa wanatafuta pesa zake. Walitaka herufi tatu.

Wakaanzia pale pale Twitter. Ukurasa wa Honan ulielekeza kwenye tovuti yake binafsi, na tovuti ilikuwa na anwani yake ya Gmail. Wakaenda Google, wakabonyeza mahali pa mtu aliyesahau nenosiri. Google ikawaonyesha anwani ya akiba ambako barua ya kurejesha akaunti ingetumwa. Ilifichwa katikati, lakini haikufichika vya kutosha: m mwanzoni, n mwishoni, halafu @me.com. Anwani za me.com ni za Apple. Papo hapo wakaijua njia nzima. Mwenye kuishika akaunti ya Apple ameishika Gmail, na mwenye kuishika Gmail ameishika Twitter.

Siku zile, mtu aliyepiga simu huduma kwa wateja ya Apple aliweza kupewa nenosiri la muda akitaja anwani yake ya malipo pamoja na tarakimu nne za mwisho za kadi yake ya benki. Anwani waliipata kwenye kumbukumbu za usajili wa tovuti yake, zilizokuwa wazi kwa kila mtu. Zikabaki tarakimu nne. Wakapiga simu Amazon, duka la mtandaoni alikokuwa na akaunti, wakajifanya ndio Honan, wakaomba kuongeza kadi mpya kwenye akaunti. Kwa hilo Amazon ilitaka jina, barua pepe na anwani tu. Wakakata simu. Wakapiga tena, safari hii wakilalamika kwamba wamefungiwa nje ya akaunti yao, na walipotakiwa kujithibitisha wakataja namba ya kadi ile ile waliyotoka kuiongeza. Wakaruhusiwa kuweka barua pepe mpya, wakaletewa nenosiri jipya huko, wakaingia, na humo ndani wakazikuta tarakimu nne za mwisho za kadi halisi ya Honan. Kwa Amazon zilikuwa kitu kidogo cha kuonyeshwa kiooni. Kwa Apple zilikuwa ushahidi kwamba wewe ni wewe.

Saa 10:33 alasiri simu ikapigwa Apple. Mpigaji alishindwa kujibu maswali ya usalama ambayo Honan alikuwa ameyaweka, na bado akapewa nenosiri la muda. Saa 10:50 nenosiri la Apple likawa limebadilishwa. Saa 10:52 barua ya kurejesha Gmail ikaingia mikononi mwao. Saa 11:00 simu ikafutwa kwa amri iliyotoka mbali; saa 11:01 tableti; saa 11:02 Twitter ikachukuliwa; saa 11:05 kompyuta ikafutwa. Akaunti ya Google, yenye barua za miaka minane, ikafutwa nayo. Saa 11:12 wezi wakajitangaza wenyewe kwenye Twitter.

Kompyuta ile ndiyo iliyobeba picha za mwaka wa kwanza wa maisha ya binti yake, na Honan hakuwa na nakala kwingine. Hakuna aliyekuwa anazitafuta picha hizo. Zilifutwa tu ili mwenyewe asiweze kurudi ndani haraka. Baadaye wataalamu wa kuokoa data walizipata nyingi, kwa malipo ya zaidi ya dola 1,600, na Apple na Amazon zikabadilisha utaratibu wao wa simu ndani ya siku chache. Lakini Honan mwenyewe aliandika jambo moja la kuuma: kama angekuwa amewasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yake ya Google, huenda yote hayo yasingetokea. Kitufe kilikuwepo. Hakukibonyeza.

Sasa naomba niseme na wewe mmoja mmoja, si na kundi.

Fikiria akaunti zako zote: Instagram, TikTok, Facebook, ile ya michezo, ile ya kuombea mkopo wa chuo. Kila moja ina sehemu ya "umesahau nenosiri?" Ukibonyeza, barua inatumwa wapi? Kwenye barua pepe yako, au ujumbe kwenye laini yako ya simu. Basi vitu hivyo viwili, barua pepe na laini, ndivyo vinavyofungua vingine vyote. Mtu anaweza kuwa na nenosiri zuri kupita kiasi Instagram, na barua pepe yake ikawa wazi, na lile nenosiri zuri lisimsaidie chochote. Ukiwa na dakika kumi tu za kujilinda leo, zitumie zote kwenye barua pepe.

Na hapa kwetu Tanzania kuna tatizo ambalo Honan hakuwa nalo. Barua pepe yako ilifunguliwa na nani? Wengi wetu tulinunua simu janja ya kwanza dukani, muuzaji akatuuliza jina, akatufungulia Gmail pale pale ili programu ziweze kupakuliwa, akaweka nenosiri analoliweka kwa kila mteja. Au tulikwenda steshenari tulipomaliza kidato cha sita, tukajaziwa fomu za mkopo wa chuo wa HESLB, na yule ndugu akafungua barua pepe na kuliandika nenosiri kwenye daftari lake kubwa la wateja. Kenya ni vivyo hivyo kwenye saiba, kwa maombi ya mkopo wa HELB. Simsemi vibaya mtu huyo. Mara nyingi anakusaidia kwa moyo mzuri na ujira mdogo. Lakini namba yake inaweza kuwa ndiyo namba ya kurejeshea akaunti yako mpaka leo. Fungua mipangilio ya akaunti yako, tafuta sehemu ya usalama, tazama namba ya simu na barua pepe ya akiba iliyoandikwa. Ni zako? Laini ile bado unayo, au uliitupa? Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na kampuni ya simu huweza kuigawa kwa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine, bila kujua, anaweza kuwa anapokea funguo zako.

Ukishamaliza hapo, badilisha nenosiri. Na hapa nataka nikuonye juu ya jambo linalowaangusha watu wengi kuliko ujanja wa Phobia: nenosiri moja kwa kila mahali.

Mwaka 2009 kampuni ya RockYou iliyokuwa inatengeneza michezo na vikorombwezo vya mitandao ya kijamii iliibiwa manenosiri milioni 32, nayo ilikuwa imeyaweka kama yalivyoandikwa, bila kuyaficha. Watu wakayasoma. Lililoongoza lilikuwa 123456, likitumiwa na karibu watu 290,000. Orodha ile inazunguka intaneti hadi leo, na wezi huitumia kujaribia akaunti za wengine.

Tovuti makini haihifadhi nenosiri lako lenyewe. Hulisaga kwa hesabu maalumu na kuhifadhi unga wake; ukija tena, unachoandika kinasagwa upya, unga unalinganishwa na unga. Unga haurudi kuwa mahindi. Robert Morris na Ken Thompson waliieleza njia hii katika makala yao ya mwaka 1979, pamoja na kuchanganya tarakimu za kubahatisha, tofauti kwa kila mtumiaji, ili watu wawili wenye nenosiri moja wasitoe unga unaofanana. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwaka 2012, LinkedIn ilipoibiwa, ikabainika kuwa manenosiri yake yalisagwa bila kuchanganywa na tarakimu hizo. Mwizi husaga makisio yake, mamilioni kwa mamilioni, akitafuta unga unaolingana. Mwanzoni yalionekana manenosiri milioni 6.5 ya LinkedIn; mwaka 2016 ikajulikana kuwa ni ya watu zaidi ya milioni 100.

Mwaka huo huo wa 2012 Dropbox ilieleza kwamba nenosiri lililoibwa kwingine lilitumika kuingia kwenye akaunti ya mfanyakazi wake mmoja, kwa sababu lilifanya kazi hapo pia. Unaona mwizi anavyotembea? Havunji mlango wa benki. Anavunja wa tovuti ndogo ya michezo uliyojiunga nayo ukiwa darasa la saba, anachukua nenosiri, anakwenda kulijaribu Gmail, Facebook, kila mahali, kwa programu isiyochoka. Kosa lilikuwa la tovuti ile, ila pale uliporudia nenosiri lile lile ndipo alipoingilia.

Nenosiri zuri ni refu na halina maana kwa mtu mwingine. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitoa njia iitwayo Diceware: orodha ya maneno 7,776, na dadu tano zinazokuchagulia neno moja kila unaporusha. Rusha mara tano, upate maneno matano. Idadi ya michanganyiko inayowezekana ni namba yenye tarakimu 20, wakati namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu. Kwa Kiswahili unaweza kukaribia hapo kwa kamusi: ifungue popote, weka kidole bila kutazama, chukua neno, rudia mpaka yatimie matano au sita. Ukipata kobe-ngazi-tarishi-pilipili-mkeka, umepata sentensi ya kuchekesha ambayo kichwa hakiisahau. (Hiyo yangu usiichukue, imeshachapishwa.) Methali usitumie, wala mstari wa wimbo, wala jina la timu na mwaka wa kuzaliwa. Wezi nao wanazijua methali, wanazo kwenye orodha zao.

Lakini maneno matano kwa akaunti ishirini, nani atayakumbuka? Huna haja. Kumbuka mawili, la barua pepe na la kidhibiti cha manenosiri, ile programu inayotunga na kutunza mengine yote. Simu za Android na iPhone huja nacho tayari. Ila kama simu yako ni ya kushirikiana na kaka na dada, na haina hata namba ya siri ya kufungulia kioo, kidhibiti kilicho wazi kitakuwa kimempa kila mtu kila kitu. Hapo mimi naona daftari lililofichwa vizuri nyumbani ni bora zaidi. Mdukuzi aliye mji mwingine hawezi kulifikia daftari.

Sasa tufike kwenye kile kitufe ambacho Honan hakukibonyeza. Uthibitishaji wa hatua mbili maana yake ni kwamba nenosiri peke yake halitoshi. Baada yake unatakiwa uonyeshe kitu kingine ulichonacho mkononi. Mwenye nenosiri lako anabaki amesimama mlangoni.

Njia iliyozoeleka ni ujumbe wenye tarakimu sita kwenye laini yako. Ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa na chochote, nami siwezi kumkataza mtu mwenye simu ya kawaida kuitumia. Udhaifu wake ni kwamba laini huhama. Tapeli anayeweza kumshawishi wakala kwamba yeye ni wewe na amepoteza simu, atapewa kadi mpya yenye namba yako. Yako inakufa mtandao, yake inaanza kupokea ujumbe wako. Agosti 2019 hilo lilimpata Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe: namba yake ilihamishiwa kwa wahuni, nao wakatuma maneno machafu kwenye ukurasa wake. Kwetu uchungu unazidi, kwa kuwa tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 laini imekuwa pia pochi. Simu ikipoteza mtandao ghafla, na wenzako wa kampuni hiyo hiyo wanao, usingoje hadi kesho. Azima simu, piga huduma kwa wateja, uliza kama laini yako imebadilishwa.

Njia ya pili naipenda zaidi: programu ya kutoa tarakimu, kama Google Authenticator. Siku ya kwanza tovuti inakuonyesha mraba wenye madoa meusi, unaupiga picha kwa programu hiyo. Ndani ya mraba kuna siri ndefu. Sasa iko kwao na iko kwako. Kuanzia hapo, kila sekunde 30, simu yako inachukua siri ile na saa iliyopo, inapiga hesabu, inapata tarakimu sita. Tovuti inapiga hesabu ile ile upande wake. Zikilingana, unapita. Hakuna kilichotumwa, kwa hiyo hakuna cha kudakwa njiani, na jambo tamu kwa kijana wa kwetu ni kwamba programu haihitaji bando wala salio ili kukupa namba. Inahitaji saa sahihi tu. Wale mnaosogeza saa ya simu mbele ili mchezo uwape roho mpya, irudisheni, maana saa ikipotoka tarakimu nazo zinapotoka.

Hata njia hii ina mwanya. Tapeli anaweza kutengeneza ukurasa unaofanana kabisa na wa Google, akakutumia kiungo, wewe ukaandika nenosiri na tarakimu sita, naye akazikimbiza kwenye ukurasa halisi kabla sekunde hazijaisha. Dawa ya hilo ni njia ya tatu: funguo za usalama, vidude vidogo vya kuchomeka, na ndugu zao wanaokaa ndani ya simu, funguo za siri, ambazo Apple, Google na Microsoft zilitangaza pamoja Mei 2022 kwamba zitaziunga mkono. Hapa hakuna unachoandika. Simu ina siri ambayo tovuti haipewi kamwe. Tovuti ikiuliza, simu inajibu kwa sahihi ya kihesabu baada ya wewe kuweka kidole au uso. Na sahihi hiyo imefungwa kwa anwani kamili ya tovuti. Jicho lako linaweza kudanganywa na g00gle yenye sifuri mbili. Simu haidanganyiki, haina cha kuipa tovuti ile, basi. Mwaka 2018 Google ilisema kwamba tangu iwape wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 funguo za kuchomeka mwanzoni mwa 2017, hakuna akaunti ya kazi hata moja iliyothibitika kuibwa kwa ulaghai wa namna hiyo. Ukikuta tovuti inakupa nafasi ya kuweka ufunguo wa siri, na simu ni yako peke yako, ukubali.

WhatsApp niitaje peke yake, kwa sababu huko ndiko ninakoona vijana na wazazi wao wakilizwa kila siku. Rafiki yako anakuandikia: "Samahani, nimekosea, nimetuma namba sita kwenye simu yako, nirudishie." Namba umeziona kweli. Ukimtumia, dakika hiyo hiyo unatolewa kwenye WhatsApp yako. Aliyekuandikia hakuwa rafiki yako. Yule ameshaibiwa tangu asubuhi, na zile zilikuwa namba za kusajili akaunti yako kwenye simu ya mwizi. Saa inayofuata shangazi yako anaombwa, kwa jina lako na picha yako, atume elfu hamsini kwa namba ngeni kwa kuwa umekwama hospitali. Ndiyo maana siafiki kijana anayeniambia "akaunti yangu haina kitu". Ina shangazi. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu sita unayoijua wewe tu. Imekuwepo tangu 2017. Na tarakimu zozote zilizoingia kwenye simu yako hazirudishwi kwa mtu yeyote, awe rafiki, awe mwalimu, awe anayejiita huduma kwa wateja.

Ukiwasha hatua mbili Google, utaweza kupata pia namba za akiba, kumi, kila moja ya kutumika mara moja, kwa ajili ya siku simu itakapopotea. Watu huzipuuza, kisha simu inatumbukia ziwani na wanajikuta wamejifungia nje wenyewe. Ziandike kwenye karatasi, uziweke kwenye bahasha yenye cheti chako cha kuzaliwa. Usizipige picha na kuziacha kwenye simu ile ile.

Wasaidie na wakubwa. Mama akikuomba umwekee ulinzi huo, mkalishe yeye mwenyewe na simu yake mkononi, umwelekeze pa kubonyeza, na anapochagua namba ya siri geuza uso. Hata mwana hatakiwi kuijua. Wakumbushe pia: ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii", Tanzania namba iliyoutuma hupelekwa 15040.

Na kama wizi umeshatokea? Tumia simu nyingine iliyo salama, anza na barua pepe kabla ya kitu chochote. Badilisha nenosiri, toa vifaa vyote vilivyoingia humo, kagua namba na anwani za kurejeshea akaunti. Wapigie ndugu simu kwa sauti yako, usiwaandikie, maana maandishi yako sasa hayaaminiki. Ripoti polisi, Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2015, Kenya tangu 2018. Halafu fungua sehemu ambayo karibu kila mtu huisahau, mipangilio ya kusambaza barua. Mwizi mwenye akili, kabla hajafukuzwa, huweka humo anwani yake ili kila barua inayokujia imfikie na yeye kimyakimya. Ukiikuta anwani usiyoijua, ifute, kisha rudi kwenye akaunti zote zilizofungwa kwenye barua pepe hiyo ubadilishe manenosiri upya, hata yale uliyoyabadilisha jana, kwa kuwa barua za kuyabadilisha alikuwa anazisoma.